Kishikwambi Jikoni: Kupanga Zawadi, Mapishi na Wageni wa Sikukuu Kyuso

Krismasi ya Kyuso huja shamba likiwa kijani na ghala likiwa tupu. Mvua za vuli zinaanza Oktoba, watu wanapanda ndengu, kunde na mtama, na Desemba inatukuta kwenye palizi. Ndengu zenyewe hazitavunwa hadi Januari au Februari. Kwa hiyo sikukuu kubwa kuliko zote tunaila kwa kununua: unga wa ngano, mchele, mafuta, sukari, hata mahindi. Na ndio wakati huohuo matatu kutoka Nairobi zinapita Thika, Matuu na Mwingi, zinashika barabara ya Kyuso na Tseikuru zikiwa na magodoro juu ya keria, na kila moja inashusha mtu wa kulishwa. Nyumba isiyopanga hula karo ya Januari kwanza, kisha ikala mbegu.

Mwongozo huu ni wa kukusaidia usifike hapo. Chombo ninachokipendekeza huenda tayari kiko kabatini kwako, watoto wakichezea michezo ya magari: kishikwambi. Tulikizoea katika sensa ya Agosti 2019, makarani walipokuja wakigusa kioo badala ya kujaza karatasi, na kabla ya hapo watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamekiona shuleni kuanzia 2016. Kama huna, simu janja inafanya kazi zote nitakazozitaja. Kishikwambi kinaizidi kwa jambo moja tu: uso wake mpana unasomeka kutoka upande wa pili wa meza, na watu wanne wanaweza kukiinamia pamoja. Kazi zake katika sikukuu ni mbili, kuhesabu na kukumbuka. Upendo na ukarimu utavitoa mwenyewe.

Jaza kila kitu kabla ya tarehe 20

Kosa la kungoja mtandao wa siku yenyewe nililifanya mimi. Mwaka mmoja nilikuwa nimehifadhi kiungo cha mapishi ya pilau, si mapishi yenyewe. Tarehe 25 saa sita mchana, vitunguu vimeshakuwa vya kahawia, nikakigusa. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Watu wote waliorudi nyumbani walikuwa mtandaoni saa ileile wakitumiana picha, na ukurasa haukufunguka hadi jioni. Nilipika kwa kubahatisha, na wali ukashikamana.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: kitu kisichofunguka bila intaneti sikihesabu kuwa ninacho. Ukiwa bado na bando na mtandao mzuri, labda siku ya soko, fanya haya. Pakua Google Keep kwa maandishi mafupi na Google Sheets kwa majedwali. Katika Sheets, gusa kila jedwali na uchague lipatikane hata nje ya mtandao. Pakua ramani ya eneo lote kutoka Mwingi hadi Tseikuru katika Google Maps. Hifadhi mapishi kama faili, au yapige picha. Kisha weka kishikwambi katika hali ya ndegeni na ujaribu kufungua kimoja kimoja. Kilichokataa, kirudie.

Hali ya ndegeni ndiyo pia itakayokulindia betri. Ikiwa unategemea sola, chaji kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, mwanga wa skrini ukiwa umepunguzwa, na usikubali simu sita za wageni zichomekwe pamoja na chombo kilichobeba hesabu za jikoni.

Zawadi: anza na wanaosahaulika

Fungua jedwali jipya uandike safu hizi: jina, mwaka juzi, mwaka jana, mwaka huu, bei, nani anapeleka. Usianze na watoto wako wala ndugu zako. Hao huwezi kuwasahau. Anza na kijana anayechunga mbuzi, mama aliyekuchotea maji ulipokuwa mgonjwa, mjane wa jirani, na yule aliyekuazima ng'ombe wa kulimia Oktoba, mawingu yalipokuwa yameshafunga.

Safu ya miaka iliyopita ndiyo yenye thamani. Nilipoijaza mara ya kwanza nilikutana na mstari wa susu, kama tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Mwaka juzi: leso. Mwaka jana: leso. Na mwaka ule nilikuwa nimeshanunua leso ya tatu. Nikampigia simu badala ya kuipeleka, nikamwuliza redio yake inaendeleaje. Akasema imenyamaza tangu mvua zianze, betri zimekwisha, na hajasikia Musyi FM kwa wiki kadhaa. Pakiti mbili za betri zilinigharimu chini ya bei ya leso, na bado ananitajia.

Zawadi ina majira yake, na hapo ndipo kalenda ya kishikwambi inapotumika mwaka mzima. Weka vikumbusho vinavyojirudia kila mwaka. Mwisho wa Septemba: mbegu za ndengu au kunde kwa mzee asiye na pesa ya kununua. Mbegu hizo ukimpa Krismasi umechelewa, maana msimu wa kupanda ulishapita. Wiki ya kwanza ya Januari: madaftari na sare, kwa sababu mtoto wa dada yako atakumbuka viatu vya kurudia shule kuliko mwanasesere wa Desemba. Kabla ya kiangazi cha Agosti: mtungi wa maji wa lita 20 wenye kifuniko kizima. Mashujaa, Jamhuri, Pasaka, Idd kwa marafiki zako Waislamu wa mjini Mwingi, ziweke zote, Pasaka na Idd upya kila mwaka, kila moja ikikupigia kengele wiki mbili mapema. Wiki mbili zinatosha kuuza kuku mmoja na kupata pesa bila kukopa.

Wageni wa Nairobi nao wasirudi mikono mitupu. Asali ya Mwingi inajulikana mbali. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kiliwasaidia wafugaji nyuki wa huku kuisafisha, kuifunga na kuiuza. Ukiagiza kwa WhatsApp, omba picha ya chupa ikiwa imeinuliwa kwenye mwanga, uliza uzito wake, na ulipe ukishaionja. Ufanye hivyohivyo na kiondo: omba picha ya kitako na ya pale mkanda unaposhikana na mdomo, maana kiondo dhaifu huanza kuachia hapo.

Kuhusu pesa. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilibadilisha zawadi za Ukambani kuliko kitu kingine chochote ninachokijua, kwa sababu inamfikia mtu mwenye mulika mwizi asiyejua intaneti ni nini. Usione aibu kutuma pesa kama zawadi, lakini itume kwa adabu: ongeza ya kutolea, kisha piga simu umwambie ni ya nini. Kabla pesa hazijatoka, soma jina linalojitokeza, ulisome lote. Ukikosea, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo, usianze kubembelezana na mtu usiyemjua. Na mwambie susu wako, kwa sauti na zaidi ya mara moja, kwamba akipokea ujumbe wa pesa zilizotumwa kimakosa asirudishe chochote kabla ya kuangalia salio lake. Desemba ndio msimu wa mavuno wa matapeli.

Familia nyingi sasa zinachanga kupitia kundi la WhatsApp. Kura ya kundi ni njia nzuri ya kuamua kama ni mbuzi au kuku, na kama watu watafika tarehe 23 au 24. Ila nina ombi: msibandike orodha ya michango yenye majina na kiasi. Nimeona kijana wa bodaboda akijiondoa kwenye kundi la ukoo kwa sababu shilingi zake 200 zilikaa chini ya 10,000 za binamu yake. Kila mtu amtumie mweka hazina, na mweka hazina atangaze jumla peke yake.

Hesabu ya sufuria

Andika idadi ya watu wazima, kisha idadi ya watoto, uhesabu watoto wawili kuwa sahani moja. Watu wazima 30 na watoto 16 ni sahani 38. Kila kitu kitoke kwenye namba hiyo, na jedwali likuhesabie lenyewe, ili mgeni akiongezeka ubadilishe sehemu moja tu.

Vipimo vyangu ni hivi. Pakiti ya unga ya kilo 2 hunipa chapati 24 za ukubwa wa sahani. Kwa chapati mbili kila sahani nahitaji 76, yaani pakiti tatu na kidogo, nanunua nne. Kilo moja ya mchele hushibisha sahani nane, kwa hiyo kilo 5. Nyama robo kilo kwa sahani ni kilo tisa na nusu; mbuzi wa wastani hutoa kilo 12 hivi za nyama na mifupa, anatosha na supu inabaki. Wewe pima kwa mkono wako, maana chapati za jirani yangu ni nyembamba na yeye hupata 30.

Kwa mapishi yenyewe, pakua kitabu cha Kenya Food Recipes kilichotolewa 2018 na serikali ya Kenya pamoja na FAO. Ni bure, kinahifadhika kama faili, na kimekusanya vyakula jinsi jamii zetu zinavyovipika, vikiwa na vipimo na virutubisho. Kuna video nyingi nzuri mtandaoni pia, lakini mpishi aliyeko studio hajui jiko lako la kuni wala mahindi yako.

Ndiyo maana kitabu bora cha mapishi utakiandika mwenyewe, na mwandishi wake ni mama au susu wako. Yeye atakwambia "tia kiasi". Usibishane naye. Weka bakuli juu ya mizani ya jikoni, mwambie atie kiasi hicho, usome gramu, uandike. Mimi na susu tulifanya hivyo kwa muthokoi. Mahindi makavu yanarushiwa maji kidogo kwenye kinu, yanatwangwa hadi ganda la juu litoke, yanaanikwa, yanapepetwa, kisha yanalowekwa usiku na kuchemshwa taratibu pamoja na maharagwe au mbaazi. Nilitaka kujua anatambuaje kwamba ametwanga vya kutosha. Akasema, "Sikiliza." Nikawasha kinasa sauti. Mwanzoni mchi unalia mkavu, punje zinarukaruka na kugonga ukuta wa kinu. Baada ya muda sauti inazama, inakuwa kama mtu anayetembea kwenye mchanga uliolowa. Hapo ndipo anapoacha. Sekunde 40 za sauti ile ziko kwenye Keep yangu, chini ya vipimo na picha ya punje zilizokwisha kumenywa, na binti yangu aliye Nairobi alijifunza muthokoi kwa kuzisikiliza.

Mahindi yenyewe usiyanunue kwa picha. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu iliua watu 125 huku mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Kamera haioni unyevu. Nenda sokoni, tia mkono ndani kabisa ya gunia, nusa, uma punje. Ikikatika kwa mlio ni kavu, ikibonyea iache. Yenye rangi ya kijivu au kijani usimpe hata kuku.

Siku yenyewe weka kengele kadhaa kwenye saa ya kishikwambi, kila moja kwa jina lake: muthokoi ongeza maji, unga umepumzika, geuza nyama. Kivishe mfuko safi wa plastiki unaopitisha mwanga. Kioo bado kitasikia kidole chako chenye unga. Kikae mbali na moto na mvuke, na mtu mmoja tu apewe kazi ya kukigusa.

Njia ya kufika

Nyumba zetu hazina namba. Mtumie mgeni mahali ulipo kwa WhatsApp, kisha ongeza maneno, kwa sababu alama ya ramani haijui njia iliyokatwa na mvua: pinda kwenye mbuyu mkubwa, pita kanisa, mlango wa mabati ya bluu. Mwambie apakue ramani kabla ya kutoka Mwingi.

Hapa naomba usome polepole. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki kutoka Mwingi waliokuwa wakienda harusini Nuu lilisombwa na maji katika Mto Enziu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa wakienda kwenye furaha kama wageni wako. Mito yetu ni ya msimu. Asubuhi ni mchanga, alasiri ni maji ya rangi ya chai, na hakuna programu ya kishikwambi inayoweza kupima kina chake. Kinachoweza kusaidia ni mtu. Chagua ndugu mmoja anayeishi karibu na kivuko, mtumie bando, na kazi yake tarehe 22 hadi 27 iwe kupiga picha ya mto kila asubuhi na kila alasiri, na kuandika saa. Soma pia utabiri wa kaunti unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa. Maji yakitiririka, wageni walale Mwingi. Nyama itasubiri.

Wakishafika

Muziki upakue mapema. Mdundo ina nyimbo za kupakua, na benga ya Kikamba ya Kakai Kilonzo na Peter Mwambi bado inawainua wazee kwenye viti kuliko kitu chochote cha mwaka huu. Spika moja inatosha, ielekezwe uwanjani, isiwe mezani ambako watu hawajaonana tangu Aprili.

Ukiwapa watoto kishikwambi, tumia ule mpangilio wa Android unaofunga skrini kwenye programu moja hadi uandike namba ya siri. Wape kamera. Waambie kila mmoja amhoji mtu mzima mmoja: ulizaliwa wapi, ulikula nini Krismasi ukiwa mdogo, nani alikufundisha kusuka kiondo. Saa kumi alasiri, chai ikishanywewa na jua likilegea, ndiyo saa nzuri. Waombe wazee ruhusa kwanza, na asiyetaka kurekodiwa aachwe. Nakala za sauti hizo, zikinakiliwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu na kugawiwa kila nyumba, ndiyo zawadi ambayo sijaona mtu akiiacha juu ya meza.

Chakula kikiwekwa, zima kishikwambi ukirudishe kabatini. Mkono wa mwenyeji uwe kwenye birika la kunawisha.

Tarehe 27, kabla wageni hawajafika Thika, kifungue tena uandike kilichobaki na kilichopungua wakati bado unakumbuka. Jedwali langu la mwaka jana linasema hivi: chapati za pakiti nzima zilibaki, chai ya maziwa iliisha saa moja usiku, watoto wawili hawakupata soda, kijana wa mbuzi alipata viatu na vimemtosha. Mwaka huu nanunua pakiti tatu za unga badala ya nne, na pesa iliyobaki imeshaandikwa: maziwa na soda mbili.